Uji wa Ukingoni

Nakumbuka asubuhi moja kule Seme, mwanangu, nikiwa kijana mwenye njaa kuliko akili. Dani, bibi yangu, aliniwekea bakuli la nyuka, ule uji wetu wa mtama. Nikaonja ukingoni, vuguvugu. Lakini mwenye pupa hadiriki kula tamu: nikachota katikati, nikameza moto. Nililia, na ndevu zilikuwa zimeshaanza kuota.

"Dani, uji umenidanganya!"

"Umekudanganya wapi?" Dani alicheka mpaka leso ikamwanguka. "Ukingo ulikupa habari za ukingo. Za katikati ulimuuliza nani?"

Laiti ningesikia tena kicheko kile.

Siku hizi nina kisukari. Mimi ni mtu wa nyumbani, hata sokoni Katito naenda nikisukumwa. Kazi yangu ni kushona nyavu za wanaume wasioogopa maji. Sasa dunga ncha ya kidole kila siku kupima sukari, kisha uvute uzi wa nailoni juu ya kidonda hicho hicho! Karibu niache kupima kabisa. Daktari akanihurumia: nidunge pembeni mwa kidole, au, kwa kuwa mashine yangu inakubali, nitoe damu mkononi, chini ya kiwiko. Kuna na kidude cha kubandika mkononi kinachosoma sukari chenyewe, ila mfuko wangu ulikitazama tu. Daktari akaongeza: "Lakini Mzee, ukijisikia vibaya, rudi kidoleni. Mkono huchelewa kupata habari." Mimi nilisikia "mkono" nikafunga masikio.

Jumamosi moja nilijidunga insulini, nikanogewa na wavu, nikasahau kula. Jasho likanitoka, sindano ya nyavu ikaniponyoka. Dalili ya mvua ni mawingu. Nikapima mkononi: sawa. Nikaokota sindano.

Mke wangu akatokea jikoni. "Baba Akinyi, mbona unatetemeka?"

"Niko sawa. Mashine imesema."

"Umepima wapi?"

"Mkononi."

"Leta kidole, bwana! Unabishana na jasho lako?"

Kidole kikasema sukari imeshuka vibaya. Alinikorogea maji ya sukari, vijiko vya kujaa, bila kunitazama kama mwizi wa sukari. Tangu niugue sijawahi kupendwa hivyo. Nilipotulia, nilimsikia Dani: za katikati ulimuuliza nani?

Basi mwanangu, ukidungwa na ugonjwa huu, usiache kupima kwa sababu ya maumivu. Uliza njia nyingine, zipo, na uulize kama mashine yako inazikubali. Mkono utumie ukiwa umetulia, kabla ya kula. Ukitetemeka, ukitoka jasho, au ukiwa umetoka mezani sasa hivi, nawa mikono, toa kidole. Kiume.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe vidole vyepesi, uji uliopoa hadi katikati, na mtu jikoni wa kukuuliza umepima wapi.