Bosibori Asimama Barazani

Bosibori Atuti aliletwa karibu na Sotik akiwa na miaka kumi na mmoja, mara tu baba yake alipozikwa. Nyang'au, mtu wa ukoo wao aliyekuwa na shamba la majani chai na ng'ombe wa maziwa, alimwahidi mama yake kule Kisii kwamba angemsomesha. Shule hakuiona. Alikama, akachuma chai, akapika, akalala jikoni. Kwa miaka kumi na saba hakulipwa, wala hakuruhusiwa kwenda kwao. Alipopata kitambulisho, Nyang'au alikifungia kabatini.

Mwaka wa 1992 alitoroka. Alikuwa tayari kwenye barabara ya Kisii askari wa chifu walipomkamata. Naibu wa chifu hakumuuliza lolote. Alimrudisha mwenyewe, akamkabidhi kwa Nyang'au kama ng'ombe aliyepotea malishoni. Siku hiyo Bosibori alielewa: Nyang'au alikuwa amemshika mkono mmoja, serikali ikamshika wa pili.

Aliruhusiwa kwenda kanisani tu. Huko mwalimu Rodah Chepyegon alifundisha ngumbaru, darasa la watu wazima, baada ya ibada, na kwa miaka mitatu Bosibori alijifunza kusoma. Jumapili moja ya 1996, Rodah alileta nakala ya Katiba, akawaandikia ubaoni kwa Kiswahili: Hakuna mtu atakayewekwa utumwani. Bosibori aliuliza kama sheria hiyo bado inafanya kazi. Rodah akamwambia imekuwepo tangu uhuru. Bosibori alinakili maneno yale, kisha akamsimulia mwalimu maisha yake yote.

Wiki mbili baadaye mkuu wa tarafa, yaani D.O., aliitisha baraza. Wakati wa maswali Bosibori alisimama, Rodah akiwa kando yake. Naibu wa chifu alimwashiria akae. Hakukaa. Alisoma sentensi yake polepole, akiifuata kwa kidole, kisha akasema:

"Bwana D.O., mimi pia ni mtu. Kitambulisho changu kiko ndani ya kabati ya huyu mzee miaka kumi sasa. Naomba kiletwe leo."

Nyang'au, aliyeketi miongoni mwa wazee, alijibu kwamba huyo ni mtoto wake, amemlea.

"Mtoto wako alisoma shule gani?" mkuu wa tarafa akamuuliza.

Naibu wa chifu alipoulizwa kwa nini alimrudisha, alitazama viatu vyake. Wanawake wa Kipsigis na wa Kisii wakasimama mmoja mmoja, wakakataa kuondoka mpaka kitambulisho kiletwe. Kililetwa. Bosibori alikishika kwa mikono miwili, akasoma jina lake kwa sauti, na baraza zima likapiga makofi.

Jioni hiyo alifika Kisii, akamkuta mama yake akipalilia wimbi. Mama alidondosha jembe, akamwita kwa jina la utotoni.

Kufikia 1999 Bosibori alikuwa amerudi Sotik, akawa msaidizi wa Rodah darasani. Wanafunzi walikuwa thelathini na mmoja. Wawili kati yao aliwatoa yeye mwenyewe katika nyumba za watu walikofanyishwa kazi bila malipo kama yeye, akiingia kwa mlango wa mbele mchana kweupe.