Kichwa Kilichonyolewa Kwingine

Kinyozi huyu mtaani kwake anaitwa Redio, na hakuna anayeuliza kwa nini. Hufungua duka akiwa tayari yuko hewani, na mashine ya kunyolea ikinguruma yeye hupandisha sauti juu yake. Duka ni chumba kimoja: viti viwili vya kuzunguka, kimoja kibovu, benchi la wanaosubiri, na kioo kinachokula ukuta mzima. Redio hamtazami mteja usoni. Huongea na kioo, na mteja humjibu kwenye kioo, na benchi huchangia kwa nyuma. Mambo mengi ya mtaa huu yamemalizwa hivyo, mengine bila wenyewe kujua.

Mwezi uliopita alifanya kosa ambalo pengine kinyozi pekee angelifanya. Alilipeleka suala la mwanawe kwenye benchi.

Kijana ni mzaliwa wake wa kwanza. Alipomaliza shule, akisubiri matokeo, alipata kibarua kwenye kiwanda cha uchapaji, kupanga karatasi na kufuta wino kwenye mashine. Matokeo yalipotoka, chuo cha ufundi kikampa nafasi ya kusomea umeme. Wiki hiyo hiyo msimamizi wa kiwanda akamwambia kazi ya kudumu ipo akiitaka. Pande zote mbili zilihitaji jibu kufikia Ijumaa. Asubuhi kijana alisema chuo, jioni akasema kazi, na alipoulizwa mara ya tatu akasema ana usingizi.

Baba yake alitaka chuo. Hakumwambia. Aliwaambia watu wengine wote.

"Elimu haiozi," alisema Mwalimu, mstaafu anayekuja kuchongwa ndevu kila wiki. "Mwambie aende akasome. Kazi zipo tu."

"Zipo wapi, Mwalimu?" Fundi bomba alidakia kutoka kwenye benchi. "Nionyeshe nikachukue moja mimi. Wangu kamaliza chuo, mwaka wa pili huu anamaliza sukari yangu."

"Huyo ni wako."

"Kwani wa Redio kaumbwa kwa udongo gani?"

Benchi likacheka, na Redio akacheka kuliko wote. Kufikia katikati ya wiki mtaa ulikuwa umegawanyika vizuri kabisa. Muuza matunda, kila kijana alipopita, alimwita: "Mwanachuo! Au nikusalimie bosi?"

Jumatano Redio alirudi nyumbani akamkuta mwanawe mezani anakula, amempa mgongo. Akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

Kichwa kilikuwa kimenyolewa. Yeye humalizia kisogo kwa mstari ulionyooka. Huu ulipinda kidogo, kama ukingo wa sahani. Kile kishungi cha utosini, ambacho humsumbua kila asiyekijua, kilikuwa kimelazwa. Kazi nzuri, na hilo ndilo lililomuuma. Toka mtoto huyu aote nywele, hakuna mkono mwingine uliowahi kukigusa kichwa hicho.

"Nani kakunyoa?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Wa kule stendi." Kijana hakugeuka.

Mama mtu, ambaye ni muuguzi, alikuwa pembeni anapiga pasi sare ya zamu. Alisubiri mtoto atoke kwenda kuosha sahani yake.

"Mdomo uliponza kichwa," alisema taratibu. "Cha mwenzio, safari hii."

"Nimefanya nini? Nimeomba ushauri."

"Umetangaza, mume wangu. Mtoto anaogopa kupita barabara ya kwao."

Redio akainama kuvua viatu. Mkewe akaigeuza sare upande wa pili.

Kinyozi hajinyoi, na Redio hunyolewa na mwanawe. Ni mazoea yao ya miaka: Alhamisi mchana, saa ambayo wateja hawapo, mtoto huja, baba hukaa kwenye kiti kizima. Alhamisi hiyo alifagia duka mara mbili akisema moyoni kwamba haji. Alikuja. Akamfunga baba yake kitambaa shingoni, akampaka povu, akabadilisha wembe.

Kuna kanuni moja ambayo Redio alimfundisha tangu akiwa hafikii mezani: mteja akiwa chini ya wembe haongei. Kwa hiyo kijana ndiye aliyeongea, na aliongea na kioo.

"Unajua kwa nini nilienda stendi?"

Wembe ulikuwa chini ya kidevu. Redio alifumba macho, akafumbua.

"Yule jamaa hanijui. Kaniuliza nakata vipi, basi." Akaufuta wembe kwenye taulo. "Hapa nikichagua chuo, Mwalimu kashinda. Nikichagua kazi, Fundi bomba kashinda. Mimi nashinda lini, baba?"

Redio akaanza kugeuza kichwa.

"Tulia, nitakukata. Na wewe unataka chuo. Hujaniambia, nimeambiwa na muuza matunda."

Akahamia shavu la pili. Alinyoa polepole, kwa mapigo mafupi, kama alivyofundishwa.

"Siwazungushi. Sijui kweli. Ile mashine kubwa pale kiwandani, ikianza kuzunguka naisikia hapa kifuani. Lakini sijui kama naipenda mashine, au napenda tu kurudi nyumbani nimechoka kama watu wazima. Nikienda chuo sasa, nitakuwa nimeenda kwa sababu mmesema. Nikifeli nitasema ni nyinyi."

Alimfuta povu lililobaki, akampaka spiriti. Sasa Redio aliruhusiwa kusema, na hotuba nzima ilikuwa imejipanga mdomoni: umeme ni nini, dunia inaelekea wapi, yeye mwenyewe alikosa nini. Aliitazama kwenye kioo sura yake iliyonyolewa vizuri. Kisha akageuza kiti, akamtazama mwanawe moja kwa moja, kitu ambacho humo ndani hakifanyi.

"Hiyo nafasi ya chuo, inaweza kusubiri mwaka?"

"Sijui."

"Umewauliza?"

"Bado."

"Kaulize. Niende na wewe?"

"Hapana."

"Haya."

Ijumaa jioni benchi lilikuwa limejaa. Mwalimu yupo, Fundi bomba yupo, na mtoto wa jirani yuko kwenye kiti analia kwa sababu ya mlio wa mashine. Kijana alisimama mlangoni. Redio alimfuata na mashine mkononi, inaunguruma, mpaka waya ukaishia pale kwenye kizingiti.

"Haisubiri," kijana alimwambia sikioni. "Mwakani niombe upya, na hawaahidi. Nimewaambia kiwandani naanza Jumatatu."

Katika mawazo yake, Redio alikuwa ameshatundika ukutani picha ya mahafali ya mwanawe.

"Umefikiria?"

"Nimefikiria. Na mwakani nitaomba, nikausomee umeme unaoizungusha ile mashine, kama nitakuwa bado naipenda."

"Haya, mwanangu. Kamwambie mama yako kabla hajaenda zamu."

Akarudi kwenye kiti. Benchi zima lilikuwa limenyoosha shingo.

"Vipi, ameamua?" Fundi bomba aliuliza.

"Muulizeni mwenyewe."

"Yaani wewe hujui?"

"Najua."

Wakasubiri. Mashine ilinguruma peke yake. Mtoto kwenye kiti naye akaacha kulia, akawatazama watu wazima kwenye kioo.

"Redio," Mwalimu alisema hatimaye, "leo betri zimekwisha?"

Redio aliinamisha kichwa cha mtoto kwa vidole viwili, akaendelea nyuma ya sikio, mahali ambapo kinyozi hutakiwa kuwa makini.