Oda Ilipoingia Nyumbani

Nimefungua kasha leo, na udi uliokaa ndani ya shiraa umenijia puani kama siku ile. Shiraa ni hema la kitambaa. Nyanya yangu hakutoka nje ila amefunikwa nalo, watumwa wakishika miti yake.

Siku ile alikuwa aende matangani kwa dada yake. Alikwisha kujifukiza udi, akawaita watumwa. Wanawake wawili wakaja bila miti. Mmoja wao ndiye aliyeninyonyesha.

"Bi, imekuja oda," alisema yaya wangu. "Tumeachwa huru. Hatushiki tena miti."

"Oda ni nini?"

"Ni amri ya Mzungu."

"Na amri yangu?"

Yaya aliniangalia mimi, si Nyanya, kisha wakatoka wote wawili. Nyanya hakwenda. Vilio vya jamaa zake vilitufikia kutoka mtaa wa pili, naye akavisikiliza mpaka udi ukazimika chetezoni.

Sasa mjukuu wangu anakwenda kununua chai na mahamri. Amesimama mlangoni.

"Nyanya, oda yako nini?"

Kitambaa ki mapajani mwangu. Nakikunja upya.