Kompyuta na Tumbo la Seth

Macho ya Seth yalikuwa mabovu, na hakutaka mtu ajue. Miwani aliyopimiwa ilikaa kabatini ndani ya kasha lake, kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa ultrasaundi katika zahanati moja ya Ukunda, mwaka wa tisini na nane, na fundi wa picha kuvaa miwani aliona ni aibu. Basi kila aliposhika mashine alipandisha mwanga hadi mtoto akang'aa tumboni kama bibi harusi.

Ndipo ikaja kompyuta. Daktari mmoja mgeni, aliyezoea kupumzika Diani, aliwaachia programu ya kujifunza kwa mifano. Haikupewa kanuni yoyote. Ilionyeshwa picha, ikaambiwa mtoto huyu ametanguliza kichwa, huyu ametanguliza makalio. Ikakisia, ikasahihishwa, ikakisia tena. Picha za vichwa zilipigwa na mkunga Mwanafatuma. Alipokuta makalio alimwita Seth athibitishe, na picha ya Seth ndiyo iliyowekwa. Miezi ikapita, kompyuta ikawa haikosei. Seth akaisifu kila mahali, kama mtoto wake aliyefaulu mtihani.

Mkewe, Linet, alipokaribia kujifungua, Seth alimpiga picha mwenyewe. Aliona kichwa chini, akakitaja kwa sauti. Kompyuta ikasema makalio. Akatazama tena, na, Mungu amsamehe, kile kichwa kikaanza kufanana na makalio.

"Twende Mombasa," alisema. "Itabidi upasuliwe."

Linet alikuwa ameapa kujifungulia mikononi mwa Mwanafatuma. Akashika mbavu zake. "Huyu mtoto ananipiga mateke huku juu, Seth."

"Labda amekunja miguu."

"Labda wewe umekunja akili."

Mwanafatuma, aliyekuwa akitandika kitanda cha pili, aligeuka. "Bwana Seth, si umekiona kichwa?"

"Nimekiona. Lakini kompyuta imeona picha nyingi, na haibahatishi. Subirini."

Akavua shati, akajipaka jeli, akajipima tumbo lake mwenyewe. Humu hamna mtoto, aliwaambia, na kompyuta itakiri. Alisahau kwamba alikuwa ameifundisha majibu mawili tu.

Makalio, ikasema.

Linet alicheka hadi Mwanafatuma akamsihi asije akajifungua pale pale. "Na mwanga wako huu, unaniumiza macho," mkunga akaongeza, akaupunguza kama alivyozoea.

Kichwa, ikasema kompyuta.

"Wali wa mchana umegeuka," Linet alisema.

Seth hakucheka. Akapandisha mwanga: makalio. Akaushusha: kichwa. Kumbe kompyuta haikuwahi kujua kichwa wala makalio ya mtu. Makalio yote iliyoonyeshwa yalitoka mkononi mwake, yaking'aa. Miezi yote ile, kwa bidii na majivuno, alikuwa ameifundisha kumtambua mwanamume mmoja asiyetaka kuvaa miwani.

Akaenda kabatini. Alirudi ameivaa, akaacha mwanga chini, akampima mkewe upya. Kichwa kilikuwa pale pale, cha mviringo, kimetulia, na safari ya Mombasa ikafa.

Binti yao alizaliwa Ukunda, mikononi mwa Mwanafatuma. Kompyuta nayo ikaanza masomo upya, safari hii kwa picha za mikono yote miwili, wa Seth na wa mkunga. Kila apitapo, Mwanafatuma hulitazama tumbo la Seth.

"Na wako, Bwana Seth, amekaaje leo?"

"Ametanguliza makalio," hujibu, akisukuma miwani puani.