Fundi Meno na Mishale Sitini

Ni saa mbili asubuhi, mita mia mbili chini ya ardhi, na Fundi Meno amepiga magoti mbele ya mashine ya kuchimbia makaa ya mawe. Mashine imezimwa. Anagonga jino moja la chuma kwa nyundo ndogo, anasikiliza, kisha anahamia la pili.

Meno yako arobaini na nane, yamezunguka pipa kubwa la chuma ambalo wachimbaji wote huliita ngoma. Ngoma ikizunguka, meno yanatafuna ukuta wa makaa. Leo amekuta matano yaliyochoka, na hakuhitaji kuyamulika hata kwa tochi.

"Jino zima linaitika. Lililokufa linanyamaza," anasema, akipangusa vumbi jeusi puani.

Ameifanya kazi hii miaka ishirini na miwili. Wahandisi wenye digrii zao humfuata kumwuliza mashine inaumwa wapi. Hata hivyo, Alhamisi hii huenda ikawa siku yake ya mwisho mgodini, na sababu ni karatasi moja.

Karatasi hiyo ina mchoro wa mashine na mishale sitini. Kila mshale unataka jina la kifaa kama lilivyo kwenye kitabu cha kampuni. Anayepata arobaini anabaki. Anayeshindwa mara tatu anaondoka. Fundi Meno alipata kumi na tisa, kisha ishirini na sita.

Kitabu ni cha Kiswahili, tena sanifu, ila ni Kiswahili ambacho hakijawahi kushuka shimoni. Humo ngoma ni "silinda ya ukataji". Mkia, yaani ule mkanda wa nyuma unaomwaga makaa kwenye gari, ni "kisafirishi cha nyuma". Mwandishi wa makala haya, anayekula kwa kalamu, alisoma ukurasa mmoja akatokwa jasho.

"Mtihani wa kwanza niliandika ulimi, tumbo, mkia," anasimulia. "Msimamizi akaniuliza kama nimemchorea ng'ombe."

Anacheka kidogo, halafu kicheko kinamkauka.

Jioni, sebuleni kwake, mwalimu amekwisha kufika. Ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa akifanya naye zamu moja. Anakikandamiza kitabu mezani kwa kiwiko cha kulia na kugeuza kurasa kwa mkono wa kushoto. Chini ya kiwiko hicho hakuna mkono tena.

"Shemeji, kichwa chako hicho ni cha kuvalia helmeti tu," anamtania. "Haya, namba saba."

Fundi Meno anakuna shavu, anataja ulimi. Mkewe anakunja nguo pembeni, hainui macho.

Mtihani huu ulianzishwa mwaka jana, baada ya ajali iliyochukua mkono huo. Jiwe lilinasa kwenye mnyororo wa mashine, na shemeji akaingiza mkono kulitoa. Fundi Meno alisimama kando ya kofia, ndivyo wanavyokiita kitufe chekundu cha kuzimia kila kitu. Macho yake yalikuwa juu, kwa kuwa mashine ikisimama yeye ndiye anayechunga paa lisiwaangukie. Mwendeshaji, aliyekuwa upande wa pili, alidhani wamemaliza, akawasha.

Msimamizi mgeni, wiki yake ya pili, ndiye aliyeona mnyororo ukianza kwenda. Akapaza sauti kama alivyofundishwa darasani: "Kitenganishi! Kitenganishi!"

"Angesema kofia. Angesema hata zima," anasema Fundi Meno. "Mimi nikageuka kumwuliza, kitenganishi ndiyo nini? Mkono wangu ulikuwa hapa, kofia pale." Anapima mezani. Haizidi shubiri mbili.

Shemeji anasema alishamsamehe siku ile ile hospitalini. Dada yake hajalitaja jambo hilo mwaka mzima, na Fundi Meno anaona afadhali angemtukana.

Ana miaka hamsini na mitatu, na kifua chake hakimruhusu tena kubeba zege. Ameandika barua ofisini: akishindwa, aruhusiwe kuja kila wanapoajiriwa wageni, bure, awaonyeshe kile kitufe na kuwaambia majina yake yote mawili. Ofisi haijajibu.

Wanafika namba sitini. Amepata thelathini na moja, na Alhamisi ni keshokutwa.

Shemeji anafunga kitabu.

"Mmeruka namba kumi na mbili," anasema mkewe. "Kila siku mnairuka."

Wanaume wawili wanatazamana. Hatimaye Fundi Meno anajibu, kwa sauti ndogo, "Kitenganishi."

"Basi ni thelathini na mbili," anasema mkewe, akichukua shati lingine la kukunja. "Bado nane. Fungueni kitabu."