Bi Orlena na Karatasi ya Saini

Orlena Stidham alipika katika bwalo la chuo cha umma cha Stamper's Ford, milimani mashariki ya Kentucky, kwa miaka ishirini na mitatu kabla mtu yeyote hajamsikia akisema neno mbele ya mkutano. Si kwamba alikuwa mpole. Kwenye dirisha la kupakulia mdomo wake haukupumzika. "We mrefu, jana hukuja kula, leo nakuongeza." "Na wewe, ukimaliza mtihani wa kemia njoo unieleze, maana umekonda kama ufagio." Wanafunzi walimwita Bi Orlena, na wengine waliomaliza miaka kumi nyuma walikuwa bado wakimwandikia kadi za Krismasi. Alijua nani kaachwa na mchumba, nani kafeli, nani kapata kazi. Habari zake mwenyewe hakuzitoa hata tone.

Nyumbani aliishi na Wilda Noble. Waliishi pamoja tangu mwaka 1978 katika nyumba nyeupe ya mbao bondeni, na mbwa wawili waliombwekea kila mtu isipokuwa wezi. Mjini watu walisema Wilda ni shoga yake, kwa maana ile ya wanawake wawili wanaoazimana chumvi na kushona pamoja, na hakuna aliyeuliza zaidi. Wilda alikuwa mwalimu wa muziki wa shule ya msingi hadi siku mzazi mmoja alipowaona wameshikana mikono kwenye maonyesho ya mifugo ya wilaya ya pili. Mwalimu mkuu alimwita ofisini, akamwambia kwa upole kabisa kwamba hajakosa kitu, ila Jumatatu asirudi. Hapakuwa na sheria ya kumtetea, wala kanuni. Basi akawa fundi wa piano, akizunguka makanisani kukaza nyuzi zilizolegea.

"Mwaka mzima wananihubiri," alizoea kusema, "Pasaka ikikaribia wananipigia simu."

Alisema huku anacheka. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa.

Mwaka 1999, majira ya machipuko, kikundi cha wanafunzi kilianza kukaa kila Jumanne mchana kwenye meza iliyo karibu na dirisha la Orlena. Kiongozi wao alikuwa Shawna Amburgey, binti wa mchimba makaa, anayesomea uuguzi, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili. Pembeni yake hakukosekana Terrell Gaines, kijana wa Louisville aliyevaa tai ya kipepeo hata kwenye kifungua kinywa. Muhula uliopita, Terrell alihamishwa chumba chake cha bweni kwa sababu mwenzake hakutaka kulala chumba kimoja na mwanamume anayependa wanaume. Alipolalamika, mlezi wa bweni alimfungulia kitabu cha kanuni. Kitabu kilikataza kumbagua mtu kwa rangi, kwa dini, kwa jinsia, kwa ulemavu na kwa umri. Hayo ya Terrell hayakuwemo. Ndipo Shawna akasema basi yatiwe.

Orlena aliyasikia yote hayo akiwa anapakua maharage. Walibishana wiki tatu juu ya sentensi moja.

"'Mwelekeo wa kimapenzi' inatosha," Terrell alisema.

"Haitoshi, tuweke maelezo."

"Shawna, ukiweka maelezo wale wazee wa baraza watasinzia kabla hujafika kwenye nukta."

"Wakisinzia watapitisha bila kujua. Si ndivyo wanavyopitisha kila kitu?"

Orlena aligeuka ukutani ili wasimwone anacheka.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri kuliko walivyotegemea. Walipata saini za wanafunzi zaidi ya mia tisa, na za wahadhiri arobaini na moja. Lakini ili baraza la chuo lisikilize ombi la kubadili kanuni, ilibidi na wafanyakazi waunge mkono, angalau mia moja: wapishi, wafagiaji, mafundi, makarani. Kwenye karatasi yao hapakuwa na jina hata moja. Jumanne moja Shawna alirudi mezani kutoka kwa mwenyekiti wa wafanyakazi, akatupa mkoba wake kitini.

"Kasemaje?" Terrell aliuliza.

"Kasema tusijisumbue. Eti haya ni mambo ya vijana na vitabu vyao. Miongoni mwa wafanyakazi wa hapa hakuna watu wa aina hiyo."

Orlena alikuwa ameshika upawa. Aliuweka chini taratibu, akajifuta mikono kwenye aproni, akapita mlango wa jikoni, akaja hadi mezani kwao. Hawakuwahi kumwona upande huu wa dirisha, na Terrell alisimama kama mtu anayepisha askofu.

"Hiyo karatasi ya wafanyakazi," Orlena alisema. "Nipe."

"Bi Orlena, si lazima," Shawna alisema. "Hatutaki kukuletea matatizo kazini."

"Mwanangu, nimekuomba karatasi. Sikukuomba ushauri."

Alipofika nyumbani aliiweka mezani mbele ya Wilda pamoja na mkate wa mahindi. Wilda alivaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Unajua hii ina maana gani?" alimuuliza. "Utagonga milango ya watu. Watauliza inakuhusu nini."

"Wakiuliza nitawaambia."

"Orlena. Mwaka huu una miaka hamsini na sita."

"Ndiyo maana. Nikingoja nifike sitini nitakuwa nimechoka."

Wilda alimega mkate, hakuula. Kisha alichomoa kalamu kwenye mkoba wake wa vifaa vya piano akamsukumia. "Basi anza wewe. Karatasi tupu inawatia watu woga." Na Orlena Stidham akaandika jina lake mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa.

Wiki iliyofuata chuo kizima kilimwona mpishi akitembea. Wakati wa mapumziko alishika ubao wake wa kuandikia, kikapu cha vitumbua vya tufaha kikining'inia mkononi, akaenda kwa wafua mashuka, kwa wakata majani, kwa makarani wa usajili. Hakuhutubia. Alisema, "Kuna kanuni wanataka kuiongeza, mtu asifukuzwe kazi wala chumba kwa sababu ya anayempenda. Soma. Ukikubali, tia saini. Usipokubali, chukua kitumbua uende." Wengine walichukua kitumbua wakaenda. Wengi waliosoma walitia saini, na wapo waliosoma mara mbili, kisha wakaandika haraka na kumrudishia ubao bila kumtazama. Hao Orlena hakuwauliza kitu. Aliwaongezea kitumbua cha pili.

Aliyemtia wasiwasi ni Hobart Sizemore, fundi mkuu wa boila, mtambo wa maji ya moto wa chuo. Hobart alikuwa shemasi wa kanisa la Kibaptisti, mtu wa kifua kipana, na mafundi wote kumi na wanne wa chini yake walisubiri waone atafanya nini. Orlena alishuka chumba cha boila Alhamisi mchana. Hobart alisoma karatasi yote, mistari na majina, akaishika mbali kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

"Dada Orlena, unajua mimi ni shemasi."

"Najua. Miaka ishirini na mitatu nakupakulia, nilishakuuliza dini kabla sijakutilia mchuzi?"

"Hilo silo."

"Lipi basi?"

Hobart alitazama geji ya boila, akaigonga kwa kidole ingawa ilikuwa sawa. "Hii karatasi," alisema, "inakuhusu wewe? Wewe mwenyewe, Orlena?"

Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza waziwazi. Watu walikisia, walinong'ona, walinyamaza kwa adabu.

"Inanihusu. Mimi na Wilda."

Hobart aliishusha karatasi, boila likinguruma nyuma yake. "Yule aliyetutengenezea piano?"

"Yule yule."

"Mke wangu anampenda sana yule mama." Alikuna shingo. "Mimi siyaelewi haya mambo, nakwambia kweli. Pengine sitayaelewa hadi nakufa. Lakini mtu akufukuze wewe kazi? Akufukuze wewe, halafu mchana tule nini?" Akatia saini. Kisha akainua kichwa, akapaza sauti ile ya kuongoza nyimbo: "Vijana, njooni hapa. Na mnawe mikono kwanza, karatasi ya watu hii."

Orlena alipanda ngazi akiwa na saini kumi na tano mpya. Juu, kwenye mwanga wa jua, alikaa kwenye ukingo wa maua, akazihesabu tena. Saini zilipojumlishwa zilikuwa mia na kumi na mbili. Shawna alimkumbatia mbele ya foleni nzima ya chakula cha mchana, viazi vikapoa na hakuna aliyelalamika.

Baraza lilikaa Ijumaa ya mwisho ya Aprili, saa nne asubuhi. Shawna alikuwa ameandaa hotuba ya kurasa sita, lakini siku mbili za kupigia kelele watu wahudhurie zilikuwa zimemaliza ile sauti yake ya kuita ng'ombe. Alisimama, akafungua mdomo, kikatoka kitu kama bawaba inayodai mafuta. Ukumbi ulicheka, naye akacheka, akamsukumia Terrell hotuba. Terrell alirekebisha tai yake ya kipepeo, akasoma kurasa zote sita kwa dakika nne, bila kupumua.

Mjumbe mmoja wa baraza, mwanasheria mstaafu aitwaye Everidge, aliinua mkono. "Nimesikia nadharia," alisema. "Nauliza jambo la kawaida. Kuna mtu yeyote anayefanya kazi hapa, si mwanafunzi, anayeihitaji kanuni hii? Maana tumeambiwa hayupo."

Orlena alikuwa amesimama ukutani na wapishi wenzake, aproni bado mwilini kwa sababu nyama ilikuwa ovenini. Hakupanga kusema. Alijikuta tu ameshasogea mbele.

"Yupo," alisema. "Mimi. Naitwa Orlena Stidham. Mzee Everidge, wewe nimekulisha kila mkutano wa baraza, na unapenda kona ya keki. Hapa sijawahi kubaguliwa, na sababu ni moja: sijawahi kusema. Mwenzangu aliwahi kujulikana, akapoteza kazi aliyoipenda kuliko kitu chochote, na waliomfukuza hawakuvunja kanuni hata moja. Yuko kule, mstari wa pili, mwenye kofia ya kijani. Nataka mtu akitaka kunifukuza, kwanza aivunje kanuni. Basi. Nyama yangu itaungua."

Akarudi jikoni kweli. Aliyemletea matokeo ni Hobart, aliyekuja akikimbia kwa namna ambayo watu wa kifua kile hawakimbii. Kura sita kwa tatu. Everidge alikuwa miongoni mwa wale sita.

Mchana huo bwalo halikuwa bwalo. Mtu alileta redio ya kaseti, mwingine akaleta fidla, meza zikasukumwa ukutani. Wafua mashuka walicheza na wahadhiri. Terrell alimfundisha karani wa usajili hatua za Louisville, karani akamfundisha za milimani, wakakanyagana vibaya. Wilda aliingia na kofia yake ya kijani mkononi, akasimama mlangoni, akimtafuta Orlena kwa macho. Miaka ishirini na moja walikuwa wamecheza jikoni kwao tu, mapazia yamefungwa.

"Haya," Orlena alimwambia, akivua aproni. "Au unangoja Pasaka?"

Wakacheza katikati ya bwalo, taratibu kuliko wimbo ulivyotaka, Wilda akiongoza kwa sababu Orlena hakuwahi kujifunza kuhesabu mapigo. Watu waliwaachia nafasi, kisha wakasahau kuwatazama wakaendelea na yao, na hilo Wilda alisema baadaye ndilo lililomfurahisha zaidi.

Kesho yake, Jumamosi, walikuwa uwanjani wakipanda maharage, alipofika jirani yao Bi Ocie Ritchie, mjane wa miaka themanini na moja, na chupa ya matango ya siki mkononi. Habari ilikuwa imeshapanda bonde lote.

"Nimesikia mlicheza," alisema.

"Tulicheza, Bi Ocie," Orlena alijibu, akajinyoosha mgongo, akijiandaa.

"Vizuri. Mimi nilijua tangu mwaka mliohamia, ila mtu haingii uwanja wa watu kwa maneno kama hajaitwa." Aliweka chupa juu ya nguzo ya uzio, akasogea karibu. "Sasa kwa kuwa mambo yako wazi, kuna jambo moja nimetaka kuuliza miaka yote hii, maana wakati wa joto madirisha yenu huwa wazi, nayo yanatazamana na yangu."

"Uliza tu, mama," Wilda alisema.

"Nani kati yenu anayekoroma?"

Orlena na Wilda walinyoosheana vidole kwa pamoja, wala hawajakubaliana mpaka leo.