Koti la Mshahara wa Kwanza

Kwetu Butiama, kijana akipata mshahara wake wa kwanza humnunulia baba yake nguo. Anaweza kuchagua blanketi au shuka zito, lakini ukitaka kusemwa vizuri unaleta koti. Mzee hulivaa hata jua likiwa la kuchoma, na akiulizwa limetoka wapi hujibu tu, "La mshahara wa kwanza." Hataji jina la mtoto. Haihitajiki.

Mimi nilichelewa. Nilimaliza chuo kikuu katika miaka ambayo serikali ilikuwa imeacha kutupangia kazi. Waliotutangulia walikuwa wanajua wanakwenda wapi kabla hata matokeo hayajatoka; sisi tuliambiwa tutafute wenyewe. Nilikaa nyumbani zaidi ya mwaka mmoja, nikipalilia pamba ya baba huku cheti changu kikiwa kwenye bahasha chini ya godoro la mama. Watu wa kijijini waliacha kuniuliza, na kule kuacha kuniuliza kuliniuma kuliko maswali yenyewe. Kwa hiyo nilipopata kibarua cha ukarani kwenye ghala moja mjini Musoma, jambo la kwanza nililoliwaza lilikuwa koti.

Koti jipya dukani lilizidi mshahara wangu wote. Nilisimama nje ya maduka siku tatu nikifanya hesabu ambayo jibu lake nilikuwa nalijua. Siku ya nne nikapanda basi la Bunda.

Nilikwenda Bunda ili nisionekane. Musoma kulikuwa na mitumba tele, lakini niliogopa wenzangu wa ghalani, niliogopa watu wa kwetu waliokuja mjini, niliogopa hata wasionijua, kwamba siku moja watanijua na kukumbuka. Wakati huo mitumba ilikuwa imeruhusiwa. Nilipokuwa mdogo, miaka ya foleni, nguo hizo zilipita kwa kificho, na baba alipanga mstari kwenye duka la kijiji tangu alfajiri kwa ajili ya kipande cha kaniki. Sasa zilimwagwa hadharani, marundo na marundo juu ya maturubai, na wauzaji wakiimba bei.

Baba alikuwa hazitaki. Yeye, kama wazee wengi wa kwetu, aliziita kafa ulaya, nguo za Wazungu waliokufa. Si uchafu uliomsumbua. Kwetu nguo za marehemu hazivaliwi ovyo. Hugawanywa na ndugu matanga yakishamalizika, mbele ya watu, na kila anayepewa anajulikana. "Huyo Mzungu," baba alikuwa anasema, "nani alimaliza matanga yake? Nani aligawa?" Mimi niliyesoma nilikuwa na majibu mengi ya swali hilo. Sikuwahi kumpa hata moja.

Muuzaji niliyemwendea alikuwa mama mnene aliyesimama katikati ya rundo lake, miguu peku. Nikaokota koti la rangi ya majivu, zito, lenye bitana inayoteleza. Nikalinusa. Nikachunguza kola, makwapa, viwiko, mishono ya mabega. Nikalirudisha. Nikalichukua tena, nikaligeuza ndani nje.

"Msomi," akasema yule mama, "unanunua au unajiandaa na mtihani?"

Waliokuwa wakichagua karibu nami wakacheka.

"Natazama tu kama lina tundu," nikasema.

"Tundu lipo. Tena manne, ya kuingizia vifungo." Wakacheka tena. "Ni la nani?"

"La baba yangu."

Aliliangalia lile koti, akaniangalia mimi, na nilidhani alitaka kusema jambo. Halafu mteja mwingine akamwita, naye akasema, "Haya, mpelekee mzee. Hilo litamzika."

Nililifua mara mbili ili kuondoa ile harufu ya belo la mitumba ambayo kila mtu aliifahamu. Nikaazima pasi ya mkaa. Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka natazama chini hata nikiwa peke yangu. Karibu na soko la Musoma kulikuwa na duka la nguo la mzee mmoja wa Kiislamu, mtu wa kanzu na kofia, na fundi cherehani barazani kwake. Niliingia nikanunua leso moja, nikamwomba boksi tupu la mashati. Akanipa bila kuuliza. Boksi lilikuwa na mhuri wa duka lake kwenye kifuniko. Nikalikunja koti la Bunda, nikalilaza ndani.

Baba alifungua boksi lile mbele ya mama na kaka yake mkubwa. Alilivaa, likamkaa. Akapitisha kiganja kwenye mkono wa koti, kutoka begani hadi kwenye kifundo, taratibu.

"Umelitoa wapi?"

"Dukani, Musoma."

Akachukua kifuniko, akausoma ule mhuri kwa sauti, herufi kwa herufi, kama anayesoma risala. Halafu akamwambia kaka yake, "Mimi nilifikiriaga ataniletea kafa ulaya kama vijana wengine."

Baba mkubwa akasema, "Huyu wako kasoma."

Miezi miwili baba alilivaa koti lile kanisani, kwenye kikao cha wakulima wa pamba, na kwenye msiba. Nikienda nyumbani nilikuwa naliona likitangulia mbele yangu njiani. Nilijiambia kwamba uongo usiomdhuru mtu si uongo kamili. Nilijiambia kwamba nikipata kazi ya maana nitamnunulia jipya na hili nitalipoteza kwa namna fulani. Nilikuwa na mipango mitatu ya namna ya kulipoteza.

Jumamosi moja asubuhi nikasikia hodi kwenye chumba nilichopanga. Nilifungua nikamkuta baba amesimama, amevaa shati tu, na boksi kwapani.

"Twende dukani," akasema kabla hata hajaketi.

Nilimpa kiti. Akakaa, akalifungua boksi juu ya magoti. "Nilitakaga mfuko wa ndani, wa kuweka miwani na kadi ya kanisa. Nikalipeleka kwa fundi pale Kiabakari. Akalitandika mezani, akaniita. 'Mzee, hili ni la mama.' Nikamwambia, mama gani? Akanionyesha. Vifungo vyote kushoto, matundu kulia. Na hapa kifuani limebanwa kwa mishono. Koti la mwanamume halishonwi hivi." Akalifunika boksi. "Walikuwepo watu."

Mimi niliyelinusa, niliyepima kila mshono wa mabega, sikuwa nimetazama vifungo viko upande gani.

"Si kosa lako, kijana," baba akasema. "Mwenye duka alikuona mgeni wa mambo haya, akakupa la kike. Twende anibadilishie. Sitagomba naye."

"Baba, labda niende mwenyewe wiki ijayo. Leo sijui kama wamefungua."

"Nimepita. Wamefungua."

Tulitembea. Njiani nilitafuta mahali pa kusema. Nilisema moyoni kwamba tukifika kwenye ile nguzo ya umeme nitamwambia, tukaipita. Nikasema tukivuka barabara. Tukavuka. Alikuwa ananisimulia habari za mvua.

Mzee wa duka alikuwa amekaa nyuma ya meza yake ya kukatia vitambaa. Kulikuwa na wanawake wawili wakichagua khanga, na fundi barazani alikuwa anakanyaga cherehani. Baba alisalimia vizuri, akaitikiwa vizuri, akaweka boksi mezani.

"Mzee mwenzangu," akasema, "kijana wangu alinunua koti hapa kwako. La mshahara wake wa kwanza. Nimevaa miezi miwili kumbe ni koti la kike. Nimechekwa. Sikuja kukutukana, lakini mtu mwenye duka la siku nyingi kama wewe, hili hukuliona?"

Wale wanawake wakaacha kuchagua. Nje cherehani ikanyamaza.

Mzee wa duka alilitoa koti. Hakuhitaji muda. Alipapasa kitambaa mara moja, akageuza kola pale penye kibandiko kilichochakaa kwa kufuliwa kwingine, kule kulikotutangulia. Alilichungulia boksi lake. Kisha akainua macho akaniangalia mimi, na akaendelea kuniangalia. Nafasi niliyokuwa naitafuta njia nzima ilikuwa hiyo hapo, pana kama mlango. Nilichofanya ni kutazama khanga zilizotundikwa ukutani.

"Kweli, mzee wangu," akasema. "Ni la kike. Ni kosa letu. Unisamehe sana."

Mwanamke mmoja akaguna, "Maduka ya siku hizi," akairudisha khanga aliyoishika. Walitoka wote wawili.

Mzee yule akamwita fundi. Akamwambia azibe matundu, atoboe mengine upande wa kushoto, ahamishe vifungo, aweke na mfuko wa ndani. Baba alitaka kulipia kazi ya mfuko, kwa kuwa huo haukuwa sehemu ya kosa. Mwenye duka akakataa. Tulikaa barazani hadi kazi ilipokwisha, baba akiongea na fundi habari za bei ya pamba. Wakati wa kuondoka akamshika mwenye duka mkono kwa mikono yote miwili, akasema, "Nilikuja na hasira. Wewe ni mwungwana."

Baada ya kumpandisha baba kwenye gari la Butiama, nilirudi dukani. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, shukrani ndefu yenye utangulizi. Mzee hakuniruhusu nifike popote.

"Mimi sikukusaidia wewe," akasema, akipima kitambaa, hata hakuacha kupima. "Yule mzee ni umri wa kaka yangu. Ningemwambia ukweli mbele ya wale wanawake, angerudije kwao? Lakini wateja wangu wamesikia kwamba nauza nguo za kike kwa wazee. Na wewe ulikuwepo, una mdomo."

"Naomba unisamehe, mzee."

"Nimekusikia. Mimi nimelibeba langu. Lako lipo Butiama."

Nilichukua wiki tatu. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kesho yake. Wiki ya kwanza nilijishawishi kwamba kumwambia kungemuumiza bure. Ya pili niliandika barua nikaichana. Wiki ya tatu fundi wa barazani alinisalimia njiani kwa kuniita "mwenye koti," na nikajua kwamba siku yoyote neno hilo lingeweza kupanda gari la Butiama bila mimi.

Nilimkuta baba uani anapukuchua mahindi, koti likiwa limetundikwa kwenye kigingi cha mlango. Niliketi chini. Nilimwambia kuanzia mwanzo: Bunda, rundo, boksi nililoliomba. Niliongea haraka, na nilipoanza kueleza sababu zangu akainua kiganja. Alimaliza gunzi alilolishika. Akachukua jingine, akalimaliza nalo.

"Kwa hiyo ni la marehemu," akasema.

"Si lazima, baba. Wengine wanatoa tu nguo wakiwa hai—"

"Sikuulizi habari za Ulaya." Akayafuta mavumbi mapajani. "Yule mtu wa duka alijua?"

"Alijua."

"Na mimi nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba hana macho."

Aligeuka akalitazama koti pale kwenye kigingi.

"Wewe ulishamwomba radhi?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi sijamwomba."

Alisimama akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa lile shati lake la kanisani lililopauka mabegani, na viatu. Asubuhi ilikuwa ya mawingu na upepo wa kutoka ziwani ulikuwa unapiga. Mama alimfuata na koti mkononi. Baba alilitazama tu akalipita. Nilinyanyuka nikasema nitakwenda naye.

"Wewe baki," akasema. "Ukija, atalazimika kutuangalia wawili."

Nilibaki nikapukuchua mahindi yote yaliyokuwa pale, hata yale ya mbegu, mpaka mama akaja kuniambia niache. Alikuwa amesikia kila kitu akiwa jikoni. Hakunikaripia. Aliniuliza tu kama mjini nakulaga vizuri.

Baba alirudi mchana umeshapinda, mvua imemlowesha mgongo. Alikuwa na chumvi na kipande cha sabuni alivyonunua mjini. Alimweleza mama kwamba barabara imeharibika, kwamba mzee wa duka anawasalimia, kwamba walikunywa chai pamoja, na kwamba mzee yule aliwahi kuishi Bunda, pale Manyamanyama, alipokuwa kijana. Alisimulia kwa kirefu, akitazama upande wa mama. Tulikula. Alinisogezea bakuli la samaki kwa adabu, akasubiri nichote kwanza, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia.

Alipomaliza kunawa, akaniuliza kwa upole, kama anavyoulizwa mgeni ambaye wenyeji hawataki kumchelewesha, "Kesho unaondoka saa ngapi?"